Ukoko wa Uji wa Mawe

Nikiwaambia watu kwamba nimewahi kufanya kazi kwenye kiwanda cha kupika uji wa mawe, wanacheka. Wanadhani nawatania. Nawaacha wacheke mpaka wamalize, kisha nawasimulia, na nikifika katikati hakuna anayecheka tena, na mimi mwenyewe sauti imeshapanda. Mume wangu huniambia, "Mke wangu, hayo si yameshapita?" Yamepita kwake. Mimi hayajanipita, na sina haraka ya kuyapisha njia.

Kiwanda chenyewe kilikuwa hapa Dodoma, nje kidogo ya Zuzu, upande wa juu wa reli. Kiwanda kwa jina tu, maana kilikuwa banda la mabati, uzio wa matawi ya miiba na nguzo mbili za geti. Malori yalileta vumbi la mawe ya chuma, jeusi lenye wekundu kwa mbali, laini kama unga wa sembe. Hilo ni vumbi linalobaki mawe yakisagwa machimboni. Chuma kimo humo, tena kingi, lakini ukilimwaga vumbi hivi hivi kwenye tanuru la kuyeyushia, moto unalipeperusha linatoka na moshi, na linalobaki linaziba njia za hewa mpaka tanuru linakosa pumzi. Kwa hiyo ni lazima lifungwe kwanza liwe madonge magumu, ndipo tanuru likubali.

Kulifunga ndiyo ilikuwa kazi yetu. Unapikwa uji mzito wa unga wa muhogo ndani ya pipa, mpaka ule weupe wake uondoke, ung'ae na uanze kuvutika. Unamwagwa kwenye vumbi ungali wa moto, watu wanakoroga kwa makoleo, kisha mchanganyiko unaingia kwenye mashine yenye magurudumu mawili mazito yaliyochongwa vishimo. Yanazunguka yakitazamana, yanabana, na kwa chini yanadondoka madonge yenye umbo la mto mdogo wa kulalia. Wenye ofisi walikuwa na jina lao la Kizungu. Sisi tuliyaita maandazi. Tuliyaanika kwenye vichanja, jua la Dodoma na upepo wake vikafanya yaliyobaki, na andazi likishakauka uliliachia kutoka usawa wa bega lianguke juu ya bamba la chuma. Likilia ko! na kubaki zima, limeiva. Likipasuka, linarudi kwenye vumbi.

Mimi nilikuwa wa mashine. Mpishi wa uji alikuwa mama mmoja wa Kigogo, mjane, rika la mama yangu mzazi, anayetoka kijiji cha jirani kwa miguu. Nilimwita mama, naye aliniita mwanangu, ingawa mimi ni mtu wa Kondoa, naishi Nkuhungu, tena ni Mwislamu, na yeye ni wa kanisa mpaka kwenye mifupa. Kila asubuhi nikimwamkia shikamoo alijibu marahaba kisha akaniuliza habari za watoto mmoja mmoja, kama mtu anayehesabu kuku wake jioni. Alikuwa mcheshi, ila kwa sauti ya chini. Utani wake ulikuwa unakufikia ameshaondoka.

Mama huyu alikuwa na ufunguo. Aliufunga kwenye pindo la kanga yake, na kila alipoinama motoni uligonga pipa. Ulikuwa ufunguo wa ghala la kanisa lao. Waumini wa kijiji kile huweka humo sehemu ya mavuno yao, mtama, uwele, mahindi, na kiangazi kikibana wajane na wagonjwa wanakwenda kupimiwa. Anayepima ni mwenye ufunguo. Yeye aliushika tangu mumewe angali hai, na watu walimwita hivyo hivyo, Mama Ghala. Nilimuuliza siku moja kwa nini anahangaika nao mpaka kazini, asiuache nyumbani? Akasema, "Mwanangu, hiki ndicho nilicho nacho." Hakuwa anajitapa. Alikuwa na nyumba ya vyumba viwili, mbuzi wachache na jina lake, na jina lake lilikuwa limefungwa kwenye ule ufunguo.

Sasa mwaka ninaousema mvua zilichelewa. Mtu asiyeijua Dodoma atadhani mvua kuchelewa ni habari ya kwenye redio. Sisi tuliiona sokoni, tukaiona kwenye sahani, tukaiona kwenye shingo za watoto. Watu waliokuwa wanakula mara mbili wakawa wanakula mara moja. Na kila siku, jamani, kila siku ya Mungu, sisi tulimwaga magunia ya unga ndani ya pipa, tukapika, tukayalisha mawe. Mawe yalishiba! Sijawahi kuona mawe yanashiba vile. Nilikuwa nasimama kwenye mashine natazama uji mzuri, unaong'aa, unaingia kwenye vumbi na kupotea, na roho inaniuma kama mtu ananikanyaga. Kazi ni kazi, nilijiambia, na watoto wangu wanasoma kwa kazi hii. Lakini nilikasirika. Sikujua nimkasirikie nani, basi nikawa namkasirikia mume wangu nikirudi nyumbani.

Sikilizeni habari ya ukoko. Pipa likishamiminwa, chini na pembeni linabaki tandu lililoshikana na chuma, limekauka kidogo, limeungua kidogo. Na ukoko ni wa mpishi. Sisemi kwamba kuna sheria imeandikwa mahali. Nasema kwetu Kondoa ni wa mpishi, kwa Wagogo ni wa mpishi, na nyumba zote nilizokula sijaona mtu anauliza. Aliyesimama motoni moshi ukamtoa machozi, ndiye anayekwangua, na akipenda anagawa. Mama yule alikuwa anakwangua kwa bapa la bati, ananyunyiza chumvi aliyokuja nayo kwenye kikaratasi, na saa ya chai tunakaa nyuma ya banda tunatafuna. Ulikuwa mtamu! Njaa ilikuwa imeuongezea utamu, lakini hata bila njaa ulikuwa mtamu.

Siku moja meneja akapita pale nyuma akiongea na simu. Alikuwa mwenzetu tu, Mtanzania, mtu wa makamo aliyetumwa na matajiri wa Dar es Salaam kuja kusimamia. Aliwahi kutusimulia mwenyewe jinsi mama yake alivyomsomesha kwa kuuza vitumbua. Akasimama, akashusha simu, akatutazama.

"Kumbe akina mama mnakila kiwanda!" akasema, akacheka.

Na sisi tukacheka. Mama akamnyooshea kipande, "Karibu, baba." Hakukichukua. Akaendelea na simu yake, nasi tukadhani yameishia hapo.

Kesho yake tukakuta mlinzi wa getini yuko stoo na debe la mafuta ya taa. Anafungua gunia moja moja, anamwagia kikombe, anafunga, anatikisa. Nikamuuliza, "Kaka, una akili timamu?" Akasema ni amri. Meneja ameagiza unga wote utiwe mafuta ya taa ili usilike. Mama alisimama mlangoni mwa stoo, mkono mdomoni. Baadaye aliniambia alikuwa anafikiria tu kwamba gunia moja lile lingepeleka kaya ngapi mpaka mavuno, na yule mtu anamwagia taa ili mimi na yeye tusitafune makombo.

Mimi nilisema. Nilikwenda ofisini nikiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Nikamwambia, "Bosi, hata mbwa hawekewi sumu kwa sababu kalamba sufuria." Akaniambia nipunguze jazba, siyo sumu, ni utaratibu, viwanda vyote duniani vina utaratibu. Utaratibu! Nikatoka nikaubamiza mlango, na mlango wenyewe ulikuwa wa bati, ukatoa kelele zaidi ya nilivyotaka.

Tukaanza kupika uji wa mafuta ya taa. Moshi wake ulikuwa unakata koo. Mara mbili tatu pipa lilitaka kushika moto. Na uji haukuwa ule tena. Ulikuwa unateleza, hauvutiki, unaelea elea juu kama mchuzi wenye mafuta mengi. Kwenye vumbi haukushika vizuri, kila punje ni kama imevaa koti. Dada wa maabara, binti aliyemaliza chuo kikuu hapa hapa Dodoma, aliachia maandazi kwenye bamba lake, yakawa hayalii ko, yanalia pwa. Akaenda kumwambia meneja kwamba mzigo haufai. Meneja akasema lori limeshafika, dereva anasubiri, pakieni.

Tukapakia. Lori likaondoka na maandazi, na baada ya siku kadhaa likarudi na vumbi. Njia nzima yalikuwa yanagongana na kumeguka, na walipofungua turubai kule kwenye tanuru wakakuta tulichokuwa tumekifunga kimefunguka chote. Wakageuza gari. Sijui meneja aliambiwa nini kwenye simu na matajiri wake, ila alitoka ofisini uso umemwiva.

Jioni ile alisimama getini mwenyewe. Akamwamuru mlinzi apekue kila mfuko, kila kikapu, mbele ya watu wote, na watu wa kijijini wanapita barabarani wanatazama. Mimi wakanipekua, wakakuta kitana na chupa ya maji. Wakafika kwa mama. Ndani ya kikapu chake, chini ya kitenge, wakakuta ukoko.

Na hapa ndipo damu yangu inapochemka mpaka leo. Ukoko ule ulikuwa na mafuta ya taa! Nani angekula? Mama alikuwa anaupeleka nyumbani kuwashia moto. Ukoko wenye taa ukikauka unashika kiberiti mara moja, na kuni za kiangazi si haba, lakini kuziwasha na upepo wa kwetu ni shughuli. Aliona mwenyewe kwamba wamekiharibu chakula, basi akasema angalau kiwashe moto. Hicho tu.

Meneja akauinua juu, kila mtu auone. "Kumbe unga wetu unapita hapa! Ndiyo maana uji mwepesi! Ndiyo maana maandazi hayashiki!"

Mama akasema, taratibu, "Baba, huo ni ukoko."

"Ukoko wa nani?"

Hakujibu. Niulizeni kwa nini hakujibu. Kwa sababu swali lile halina jibu mahali petu. Ni kama kumuuliza mtu kivuli hiki cha nani. Alimtazama tu, mdomo wazi kidogo, na yeye akachukua ule ukimya akaufanya ndiyo.

"Mwizi!" akasema. "Mtu mzima hovyo! Kesho usije."

Nikapiga kelele. Nikasema unuse, unuse kwanza hicho ulichoshika! Dada wa maabara naye akasema, bosi, tatizo ni mafuta. Hakuna aliyesikilizwa. Mama alikunja kitenge chake, akakiweka kwenye kikapu kitupu, akaondoka kwa miguu kufuata reli. Sijawahi kuona mtu anayetembea wima vile.

Mlinzi alikuwa anaabudu kanisa moja na mama. Sidhani alikuwa na nia mbaya, ila mdomo wake hauna kufuli. Kufikia Jumapili kijiji kizima kilikuwa na habari kwamba Mama Ghala amekamatwa na unga wa kiwanda. Unga! Wiki ileile ukoko ulikuwa umeshakuwa unga, na kabla mwezi haujaisha nilisikia umekuwa nusu gunia. Mzee wa kanisa, mtu mwenye heshima zake, alikwenda nyumbani kwa mama akakaa, akanywa maji, akazungukazunguka maneno, mwisho akasema kwamba kwa wakati huu, mpaka mambo yatulie, ni vizuri ufunguo ukae kwake. Njaa ilikuwa kali, watu walikuwa wanakwenda kupimiwa kila siku, na hawawezi kupimiwa na mtu ambaye jina lake lina swali. Mama akafungua pindo la kanga, akampa.

Nilipokwenda kumtazama nilimkuta anachambua mlenda uwanjani. Nikaanza kufoka, nikamtukana meneja, nikamtukana mlinzi, nikamtukana na mzee wa kanisa wa watu. Akaniacha mpaka pumzi ikaniishia. Akasema, "Mwanangu, nikitembea sasa sisikii kitu kinagonga. Naona kama nimesahau nguo." Nikalia mimi. Yeye hakulia.

Dada wa maabara ndiye aliyesema tufanye jaribio. Alisema maneno hayatoshi, tumwonyeshe kwa macho. Shida ni kwamba stoo nzima hakukuwa na unga safi hata wa kupaka kidole. Nikasema nitaleta wangu wa muhogo. Mume wangu aliponiona nachota kwenye ndoo yetu, ndoo yenyewe chini kunaonekana, aliniuliza nampelekea nani. Nikamwambia nayapelekea mawe. Akaniinamishia ndoo, akasema, "Chota vizuri basi, usije ukaaibika." Nikapika unga wa watoto wangu nikaumimina kwenye vumbi la chuma. Nadhani hiyo ndiyo siku niliyowachukia wote, na dada wa maabara nikamchukia pia, naye hana kosa.

Tukaanika. Yakakauka. Dada akamwita meneja kwenye bamba, akaachia andazi la unga wa taa, likafumuka. Akaachia la unga wangu. Ko! Akaliokota, akaliachia tena. Ko! Akampa meneja aliachie mwenyewe. Akaliachia, likamgonga kiatu, zima.

Akaliokota, akaligeuza mkononi. Halafu akasema, "Sawa. Nimeona. Mafuta ya taa tuache."

"Na mama?" nikamuuliza.

"Mwambieni arudi tu kazini."

"Ulimwita mwizi mbele ya watu, bosi."

"Nimesema arudi, dada. Unataka nini tena?"

Nilitaka neno moja. Hakuiba. Ni neno fupi, mtoto wa darasa la kwanza analiweza. Nilimpelekea mama ujumbe wake wa arudi, na mama akasema, "Aliniita mwizi getini. Aje aseme getini, au aje aseme kijijini, mimi nitasikia." Nikarudi na jibu. Meneja akacheka kwa pua, akasema hana muda wa drama za akina mama. Akaajiri mpishi mwingine, na akatoa amri mpya kwamba ukoko wote utupwe shimoni. Tukawa tunatupa chakula kisafi shimoni, njaa imesimama kijijini.

Mvua zilikuja mwishowe, chache, lakini zilikuja, na mtama ukastahimili kama kawaida yake. Mwezi wa mavuno ukafika. Kanisa lile huwa na sikukuu yake ya mavuno. Watu wanatoa kuku, maboga, miwa, karanga, mbuzi, na baada ya ibada vinanadiwa pale uwanjani. Mama akanialika. Nikamwambia mimi natoka msikitini nije kanisani? Akasema, "Mnada hauna dini." Basi nikavaa gauni langu la Idi, nikaenda.

Nikafika, na nani amekaa chini ya turubai, kwenye kiti chenye kitambaa, na chupa ya maji na maua ya plastiki mbele yake? Mgeni rasmi! Meneja! Kiwanda kilikuwa kimetoa mabati ya kuezekea ghala, basi wakamwona ndiye wa kukaribishwa. Mama alikuwa amekaa nyuma kabisa na wageni, yeye aliyezoea kukaa mbele na wazee. Nikasema moyoni, kama kuna siku ya kulisema lile neno, ni leo. Watu wote wapo. Na kipaza sauti atapewa.

Alipewa. Aliongea mpaka watoto wakasinzia. Akasema kuhusu maendeleo, kuhusu makao makuu kukua, kuhusu chuma kuwa uti wa mgongo wa taifa, kuhusu ushirikiano kati ya kiwanda na jamii. Akamshukuru mchungaji, akawashukuru wazee, akaishukuru kwaya. Nilikaa nimeikunja mikono mpaka vidole vikafa ganzi. Akamaliza, akaketi, watu wakapiga makofi. Mama naye akapiga makofi, mnaweza kuamini? Alimpigia makofi.

Mnada ukaanza. Mnadishaji alikuwa yuleyule mzee wa kanisa mwenye kushika ufunguo, na alikuwa na mdomo mtamu, anauza boga kama anauza gari. Kuku wakaenda, miwa ikaenda. Kisha akainua sinia lililofunikwa kwa kitambaa kisafi. Akafunua. Akakodoa.

"Hiki nini?"

"Ukoko," akajibu mama kutoka nyuma. Alikuwa amesimama.

Watoto walianza kucheka, wakubwa wakawanyamazisha. Uwanja mzima ulikuwa unajua. Mzee wa kanisa alishika sinia kama mtu aliyepewa mtoto wa mtu mwingine. Na kwa kukosa cha kusema, akauliza kile ambacho mnadishaji huuliza kwa kila kitu.

"Wa nani?"

"Wangu," mama akasema. "Nimepika mwenyewe. Mtama mpya. Naleta mbele za Mungu."

Hapo mimi nikashindwa kuvumilia. "Mgeni rasmi afungue mnada!" nikapiga kelele. Ndiyo desturi, mgeni rasmi ndiye hutaja dau la kwanza kwa kitu cha pekee. Akina mama wakadakia kwa vigelegele, "Mgeni rasmi! Mgeni rasmi!" Meneja akatabasamu kile kitabasamu chake cha ofisini, akataja dau. Kubwa. Alidhani ni jambo la kumalizwa na hela.

Mzee akauliza nani anaongeza. Akauliza tena. Watu waliokuwa wanagombania boga dakika chache nyuma, wote walikuwa wanatazama miguu yao. Hakuna aliyeongeza. Akasema umekwenda, akatembea mpaka mezani, akamwekea sinia mbele yake, na kipaza sauti kando ya sinia.

Tukangoja. Nilikuwa namtazama midomo. Sema, nikamwambia kimoyomoyo, sema, mwanaume wewe, neno moja tu. Alitazama kipaza sauti. Alitazama ukoko. Ulikuwa umeiva, kahawia, una chumvi juu, harufu yake ilinifikia mimi niliyekaa mbali. Mkono wake ukatoka. Akamega kipande, akatia mdomoni, akatafuna. Kisha akamega kingine. Hakumtazama mtu, anakula tu, mgeni rasmi, mbele ya kanisa zima, kama mtoto nyuma ya jiko la mama yake.

Mzee wa kanisa alimtazama akila. Nikaona uso wake unabadilika. Akatia mkono mfukoni, akatoa ufunguo, akapita katikati ya viti mpaka nyuma kabisa, akampa mama kwa mikono miwili. Akasema, "Mama, utusamehe." Mama akaupokea, akaufunga kwenye pindo la kanga palepale, fundo mara mbili.

Meneja hakusema. Mpaka anapanda gari lake, hakusema! Tulipokuwa tunarudi na mama kwa miguu nilikuwa nafoka barabara nzima. Nikamwambia kazi ile siirudii, na kweli sikuirudia. Nikamwambia yule mtu hana haya, amekula na bado hakufungua mdomo kusema hukuiba. Mama alikuwa anatembea mbele yangu kidogo, ufunguo unamgonga nyonga.

"Aliumaliza?" akaniuliza.

"Nini?"

"Ukoko. Aliumaliza?"

"Aliumaliza. Hata sinia alilikwangua kwa kucha."

Akatembea hatua kadhaa. "Basi anajua ulikuwa wa nani," akasema.

Yeye hilo lilimtosha, akaanza kuniuliza habari za watoto, mmoja mmoja. Mimi halijanitosha mpaka leo.